Kipande Namba Moja

3 Februari

Kitinda wetu,

Kabla hujauliza: mimi mzima, magoti ndiyo yananisumbua, na hayo nilizaliwa nayo. Binti yangu amefaulu mtihani, anaringa hata majirani hawasalimii. Paka bado yupo. Ningekupigia, lakini simu hapa inashika mtandao ukumbini tu, na Mama anasikia kila neno, kwa hiyo naandika kama watu wa zamani. Wewe hujambo huko kiwandani kwenu? Unakula?

Sasa la maana. Mama hatoki chumbani. Tangu Baba azikwe ni miezi saba, na minne ya mwisho hajavuka kizingiti ila kwenda msalani. Anakaa kitandani ameelekea benchi la Baba, lile la ukutani. Chai namletea humo humo. Anakunywa nusu, nusu anaiacha juu ya benchi. Amekonda, Kitinda. Ukiuona mkono wake utadhani ni wa mtoto. Daktari amekuja mara mbili. Anasema mwili hauna ugonjwa, ila asipotoka akaota jua, akatembea, hatumalizi naye mwaka huu.

Kinachomshika ni ile alama. Wewe hukuiona kwa sababu hukuja kuzika. Baba alikaa kwenye benchi lile miaka minane, kichwa na mabega ameviegemeza ukutani, na mafuta ya nywele na jasho vikaingia kwenye rangi. Alipoondoka alama ikabaki: kichwa, shingo, bega la kulia limeshuka kidogo kama lilivyokuwa lake. Mama anaongea nayo. Halii. Anaongea, ananyamaza kama anayesikiliza, halafu anajibu. Jana nilimsikia akisema, "Mwache, atasema mwenyewe siku yake." Nikamwuliza ni nani huyo, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

Nimesugua kwa sabuni, haitoki. Nikipaka rangi yoyote ya dukani itakuwa kiraka, na Mama atazidi kuikodolea macho. Wewe kazi yako ni kulinganisha rangi. Nitengenezee ya ukuta ule ule, ile ambayo Baba aliipaka mwenyewe akaiita maziwa yaliyolala, nifute alama isijulikane ilikuwa wapi. Au uje uifanye mwenyewe. Sisemi zaidi.

Dada yako


19 Februari

Shikamoo Dada,

Barua yako imefika imelowa pembe moja lakini inasomeka. Mpe binti hongera, mwambie akiringa sana shingo itapinda. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Mkuu wetu wa maabara, mama mmoja tunayemwita Mama Taa kwa sababu hakuna anayegusa taa bila ruhusa yake, amenipa meza ya dirishani, ingawa dirisha lenyewe limezibwa. Kuta zetu zote ni za kijivu na makoti yetu ya kijivu, ili rangi nyingine isituchezee machoni. Ukishinda humo, ukitoka nje hata nyanya ya sokoni inakushtua.

Kuhusu kuja, kazi zimebana. Tuache hilo.

Kuhusu rangi, inawezekana, ila usinitumie maneno. "Maziwa yaliyolala" ni hadithi. Zamani viwanda vyote vilikuwa hivyo, kila fundi na majina yake. Mteja akiagiza bluu ya bahari, huku wanamtengenezea bluu, kule wanamtengenezea kijani, na wote wanaapa wana haki. Ndipo watu wakakaa chini wakaanza kuihoji kila rangi kwa maswali matatu: ni ya ukoo gani, ina mwanga kiasi gani, na imekolea kiasi gani. Majibu yakawa namba, na namba zikawa kitabu chenye vipande vilivyopakwa, ili aliye huku na aliye kule watazame kitu kimoja. Chetu kinalala kwenye droo yenye giza kwa sababu mwanga hupausha kurasa, na muda wake ukifika tunakitoa kazini, tunaleta kipya. Vitabu navyo huzeeka.

Basi fanya hivi. Chukua wembe, bandua vipande viwili, kila kimoja upana wa stempu. Kimoja ukuta safi, mbali na alama. Kingine kwenye alama yenyewe, nijue mafuta yameingia kina gani. Usivishike kwa vidole. Kila kimoja kiwe na bahasha yake, na juu uandike namba tu: moja ni ukuta safi, mbili ni alama. Usiandike majina. Jina humfanya mtu aone anachotaka kuona, na sisi hapa hata kuambiana kipande kimetoka wapi tunakatazwa.

Mdogo wako


8 Machi

Marahaba, Bwana Namba. Baba alipokubandika jina hilo hakukosea.

Sote wazima isipokuwa yule unayemjua. Fundi bomba alikuja; bomba bado linavuja, ila sasa linavuja kwa utaratibu.

Vipande hivyo hapo. Nimefanya kama ulivyoamuru: wembe, karatasi, bahasha, moja na mbili. Mama alikuwa ananitazama muda wote. Nilidhani nikifika kwenye alama atanizuia, hakunizuia. Aliuliza tu namba zile ni za nini, nikamwambia moja ndiyo itakayotengenezewa rangi irudi ukutani, mbili ni ya kuchunguzwa tu. Nikaenda kutafuta gundi. Niliporudi alikuwa na bahasha zote mbili mapajani, anazinusa. Akanipa, akasema, "Haya, peleka."

Nikuulize jambo, na usinikwepe. Siku mliyokwenda kupaka mlango wa mfamasia kulitokea nini? Ninachojua mimi, mliondoka asubuhi wewe na Baba mmebeba ngazi, mmoja mbele mmoja nyuma. Baba alirudi peke yake, ngazi begani. Akaiweka stoo, akaketi kwenye benchi, na hakupanda tena ngazi mpaka tunamzika. Wewe mwezi haujaisha ukapata kazi mbali. Nilimwuliza mara moja, akanijibu, "Rangi yangu imekataliwa," basi. Sasa Mama kila asubuhi anaiambia ile alama, "Bwana Namba atasema." Mficha maradhi kifo humuumbua, Kitinda, na kifo kimeshapita hapa mara moja.

Dada yako


30 Aprili

Shikamoo Dada,

Nimechelewa, najua. Usiilaumu posta, ni mimi. Afya njema. Mama Taa amepata mjukuu na ameanza kucheka, jambo linalotutisha wote.

Rangi tayari. Makopo mawili makubwa yanakuja na gari la mizigo, ulizia Alhamisi. Kile kipande namba moja kimenisumbua kuliko kazi yoyote ya mwaka huu. Kitabuni hakipo; kinaangukia katikati ya kurasa mbili. Halafu kuna taa. Tuna kabati lenye taa tatu, ya mchana, ya dukani, na globu ya njano kama za majumbani, kwa sababu rangi mbili zinaweza kuwa pacha juani na chini ya globu zikawa hazijuani. Mara nane nimechanganya, mara nane globu imeniumbua. Mara ya tisa zikakaa. Nikaweka kwenye mashine, ikasoma tofauti sifuri. Mashine haisomi sifuri, Dada. Siku zote kuna chembe ya tofauti tunayoivumilia. Mama Taa akafuta kioo cha mashine, akapima tena. Sifuri. Akaniangalia, akaenda mezani kwake.

Kulikuwa na unywele mmoja wa brashi, mweupe, umegandia kwenye kipande hicho. Niliutoa kwa kibano. Kipande namba mbili sikukipima. Nilikifungia droo, sikupenda kukitazama. Nimetia dawa ya kuzuia mafuta kwa kukadiria.

Paka kuta zote nne, usipake alama peke yake. Iliyobaki kwenye ndoo niliona uchungu kuimwaga, nikapaka ukuta wa chumbani kwangu, ule wa kichwani pa kitanda. Ni rangi tulivu sana. Ila kuna jambo silielewi: kila nikiamka chumba kinanuka tarpentini, ile Baba aliyoyeyushia rangi zake, na rangi hii niliichanganya kwa maji matupu.

La mlango wa mfamasia ni la zamani.

Mdogo wako


21 Mei

Marahaba.

Binti ameanza kazi ya kushona mashuka ya hospitali, amepungua kuringa. Magoti yaleyale. Makopo yalifika salama, nikapaka siku mbili.

Nilianza pale kwenye alama, maana ndiyo adui yangu. Nikapitisha brashi, nisione nimepita wapi. Nikapitisha tena. Ilibidi niguse kwa kidole nijue palipolowa. Mama alikuwa kitandani akacheka, na sijamsikia akicheka tangu mwaka jana. Nilipotoka kwenye alama kwenda pembeni ndipo brashi ikaanza kuonekana, rangi imekolea kuliko ukuta, nikasema moyoni labda ni kwa sababu mbichi, itapauka ikikauka. Haikupauka. Nilipomaliza ukuta wa nne, alama haikuwepo tena.

Na Mama amebadilika. Amesimama siku ileile. Anazunguka chumba amepitisha kiganja ukutani, anakula mayai mawili asubuhi, mashavu yanarudi. Ningeshukuru nikanyamaza. Lakini bado hatoki nje. Anasema limebaki neno moja. Na haelekei benchi tena anapoongea. Anaongea akielekea popote: dirishani, mlangoni, nyuma ya kabati. Akitaka kupita anasema "nipishe kidogo", halafu anapita. Mimi nikienda kufagia najikuta nimepiga hodi, na mlango uko wazi. Binti haingii kabisa. Nimemwuliza sababu, anasema chumba kimejaa.

Umeniletea rangi gani, Kitinda?

Dada


14 Juni

Dada, shikamoo, na salamu kwa wote, niwie radhi sitaziorodhesha.

Leo nimetoa kipande namba mbili nikakipima. Kipo kitabuni, katika kurasa za mwanzo kabisa, na ni rangi safi isiyo na mafuta hata chembe. Halafu nikautafuta ule unywele, bado ulikuwa kwenye kisahani. Nimeuweka chini ya lenzi. Unywele wa brashi huchanua nchani. Huu umekatwa kwa mkasi, kama wa kichwani.

Nijibu moja tu. Bahasha ipi uliiandika moja?

Nikiamka asubuhi siku hizi sijikuti nimelala. Nimekaa, kichwa na bega la kulia vimeegemea ukuta, na bega linauma kama limekaa hivyo miaka.


2 Julai

Kitinda,

Niliandika kama ulivyosema. Moja ilikuwa ukuta safi. Barua yako ilipofika nikaenda kumwuliza Mama, na hata hakuona haya.

"Nilibadilisha vilivyomo," akasema. "Wewe mwenyewe ulisema moja ndiyo itakayorudi. Nani asingependa arudi?"

Nikamwambia, "Mama, umenidanganya."

"Sikusema neno. Ungeandika 'Baba' juu ya bahasha mkono wangu ungekataa, siwezi kumtia mwenzangu kwenye jina lisilo lake. Namba haina mwenyewe."

Nimekaa jikoni nikacheka, kisha nikalia. Nimepaka kuta nne rangi ya Baba. Nilichukua brashi nikamtandaza chumba kizima kwa mkono wangu, nikarudia mara ya pili ili akolee. Naogopa, nasema wazi, na kuipaka upya siwezi, maana Mama anaishi kwa hiyo rangi.

Kuna jingine. Mama aliniambia, "Kwangu ameshanyamaza. Yuko kule anasubiri, na kule ndiko anakochoka." Sijamwambia Mama kwamba ulipaka kwako. Sijamwambia mtu yeyote.

Dada yako


20 Julai

Shikamoo Dada,

Leo Jumapili. Barua yako ya bahasha imenifikia. Sina habari za kazi wala za Mama Taa. Nimeketi sakafuni, mgongo mlangoni, naandikia magotini.

Mlango wa mfamasia ulikuwa kwenye ujia usio na dirisha, globu moja ya njano inawaka mchana kutwa. Ubao wa chini ulikuwa umeoza, ukawekwa mpya, na Baba akachanganya rangi ifanane na ya mlango wa zamani. Aliichanganya pale pale chini ya globu, kwa jicho. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni, kitabu changu kipya kwapani. Nikaung'oa ule ubao, nikautoa juani mbele ya mfamasia na wateja wake, nikaweka kipande cha kitabu juu yake. Havikufanana. Nikasema, "Baba, umekosea, njoo utazame namba." Mtu mmoja alicheka. Baba hakubishana. Alisema tu, "Mlango haukai juani," akabeba ngazi akaondoka. Nikaupaka upya kwa namba.

Wiki mbili baadaye nilipita pale kununua dawa. Chini ya globu ubao wangu ulikuwa kiraka, mtu anauona toka barabarani. Kwenye ukingo kulikuwa na sehemu upana wa kidole, aliyoipaka Baba na mimi nikaisahau, na pale mlango na ubao vilikuwa kitu kimoja. Nilisimama mpaka mfamasia akaniuliza kama naumwa.

Alikuwa sahihi, Dada. Mimi ndiye niliyekosea, na nilijua siku ileile, na badala ya kwenda kumwambia nikaomba kazi ya mbali kuliko zote. Miaka yote hii nawafundisha wanafunzi wa maabara kwamba rangi ipimwe kwa mwanga wa pale itakapokaa, kana kwamba ni busara yangu. Niliona haya kumwambia akiwa hai, na alipokufa nikaona haya zaidi. Ndiyo sababu sikuja kuzika. Kazi hazikuwa zimebana.

Leo saa tatu asubuhi nimeuambia ukuta. Niliziba dirisha, nikawasha globu kwanza. Nikasema, "Baba, ulikuwa sahihi. Ubao wako ndio ulikuwa sawa." Nikalia. Nilipovuta pumzi, harufu ya tarpentini haikuwepo, kama mtu amefunika kopo.

Nakuja Ijumaa. Nimebandua kipande cha ukuta wangu, upana wa stempu, nikakitia kwenye bahasha. Namba sikuandika. Nimeandika Baba. Nitasafiri nacho mfuko wa shati.

Kitinda wenu


20 Julai

Kitinda,

Ya mwisho niliyopata kwako ni ile ya Juni, ya unywele. Sijui kama yangu ya bahasha imekufikia. Hata hivyo naandika leo hii, gari la posta lipite nayo kesho.

Mama ametoka. Asubuhi, saa tatu na dakika kidogo, nilikuwa uani naanika nguo, nikasikia mlango. Amekuja kwa miguu yake mwenyewe, akakaa juani juu ya ndoo iliyofudikizwa, akaomba chai. Akanywa kikombe chote, hakubakiza nusu ya mtu. Nilipomwuliza kulikoni, akasema, "Amesema." Akafumba macho kuota jua.

Nimekwenda chumbani kutazama, nimewasha na globu. Ni chumba tu. Sikupiga hodi, na sikuona haja. Nilidhani nitafurahi, nikakuta upweke umenishika, nikakaa kwenye benchi kidogo.

Mama hana wasiwasi. Ameniamuru nitoe ngazi stoo niifute vumbi. Halafu nitandike vitanda viwili kabla ya Ijumaa. Nimemwambia hakuna aliyetuambia anakuja. Akanicheka.

Kitinda, unakuja na nani?

Dada yako